Wanaohesabu Kimya

Asanteni, kaeni tafadhali. Nimeombwa nizungumze juu ya kuongoza na kufundisha okestra ya chuo kikuu, na najua wengi wenu mmekuja mkitegemea niwaonyeshe namna ya kushika fimbo. Fimbo tutaifikia, tena haraka, maana haina maneno mengi. Nataka tuanze na mtu ambaye hadhira huwa haimwoni: mpiga matoazi katika Simfoni ya Tisa ya Dvořák, mtunzi wa Kicheki.

Simfoni hiyo ilipigwa mara ya kwanza New York mwaka 1893. Ina sehemu nne, inachukua kama dakika 40, na katika muda wote huo matoazi yanalia mara moja tu, ndani ya sehemu ya mwisho. Mara moja, wala si kwa kishindo. Mwenzake wa tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, naye hana nafuu: ana noti chache katika sehemu ya pili, kisha anakunja mikono mpaka mwisho. Sasa huyu mwanafunzi ametoka maabara jioni, hajala, Jumatatu ana mtihani, na bado amekuja mazoezini. Wewe uliyeshika fimbo unamfundisha nini kwa saa mbili na nusu?

Mimi nikialikwa kukagua okestra ya chuo sikai mbele. Fidla za kwanza wana wimbo karibu muda wote, hao watajifunza hata wakiongozwa na mlingoti. Naenda nyuma, kwa wanaohesabu kimya, na ndani ya robo saa nimeshajua kama pale pana mwalimu au pana mpunga mikono.

Nimejuaje? Nimejua kwa kukosea. Mwaka wangu wa kwanza nilichagua Simfoni ya Tano ya Beethoven. Kijana yeyote akikabidhiwa fimbo huitaka hiyo, kwa ajili ya zile noti nne za mwanzo. (Ambazo zenyewe ni mtego: wimbo unaanza na kimya, si na sauti, na ukikionyesha kile kimya kwa kusitasita, okestra nzima inaanguka ngazini.) Beethoven aliweka tromboni tatu, yale matarumbeta ya bomba la kuvuta na kusukuma, lakini hakuzipa hata noti moja mpaka sehemu ya nne. Na sehemu ya tatu inamwagikia ya nne bila kusimama. Kwa hiyo watu watatu wanakaa zaidi ya dakika 20, halafu ghafla wanatakiwa waingie kwa nguvu zote, juu kabisa, mbele ya kila mtu.

Mimi nikawa naanza mazoezi ukurasa wa kwanza. Kila wiki, ukurasa wa kwanza. Wiki ya kwanza hatukufika sehemu ya nne. Ya pili hatukufika. Ya tatu nikamwona mpiga tromboni mmoja, mwanafunzi wa udaktari, ameweka kitabu cha anatomia juu ya karatasi za noti anasoma. Nikamkaripia mbele ya watu 70. Akafunga kitabu, akaomba radhi kwa adabu, na wiki iliyofuata hakutokea. Tulimbembeleza akarudi. Siku ya onesho wakaingia wote watatu na sauti iliyo chini kidogo ya noti inayotakiwa, kwa sababu ala ya shaba ikipoa sauti yake hushuka, na mimi sikuwahi kuwaambia wapulize pumzi ya moto ndani ya ala taratibu, bila kutoa sauti, kabla zamu yao haijafika. Nilikuwa nimeshughulika na zile noti nne.

Tangu hapo nafanya mambo kinyumenyume. Nikipiga Beethoven ya Tano, mazoezi ya kwanza yanaanza na sehemu ya nne, watu wote wakiwa wapya na wana pumzi. Ratiba inabandikwa mlangoni kwa dakika: tromboni saa moja kamili, waondoke saa mbili kasorobo, wakasome anatomia yao kwa amani. Kumheshimu mwanafunzi kunaanzia kwenye saa. Wengine watawaambia kumwacha mtu akae bure ni kumfundisha uvumilivu. Mimi naona ni uvivu wa kupanga ratiba.

Lakini ratiba haimalizi kazi, maana kuna siku lazima simfoni ipigwe mwanzo mpaka mwisho na mwenye matoazi akae. Huyo wa Dvořák nilimpa penseli. Nikamwambia: usinihesabie vipimo tu, yaani yale mafungu ya mipigo, niandikie unachosikia kabla ya zamu yako na baada yake. Mara ya kwanza aliandika namba tupu. Mara ya tatu karatasi yake ilisomeka hivi: “Nyuzi zinatulia. Mimi. Halafu klarineti.” Nilipoiona nilikaa chini. Kijana amegundua kwamba pigo lake moja ndilo linalofungua mlango ili klarineti, ile zumari ya mbao, aingie na wimbo. Jioni ile alilipiga tofauti, laini, likiisha polepole, na mpiga klarineti akageuka kutazama nyuma. Hakuhitaji kuhesabu tena.

Hapo ndipo fimbo inapohusika, kama nilivyoahidi. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Mpiga matoazi yuko mita 14 nyuma ya fidla za mbele, hivyo sauti yao inamfikia ikiwa imechelewa sekunde 0.04. Akisubiri kuisikia ndipo apige, na yake nayo ikachukua muda uleule kurudi mbele, tayari amechelewa 0.08. Kwenye mwendo wa haraka hilo sikio linalijua. Kwa hiyo wa nyuma tunawafundisha jambo gumu: sikio lijue wimbo umefika wapi, lakini mkono ufuate jicho. Na ikiwa fimbo yako haisomeki kutoka mita 14, usimlaumu. Nenda kasimame nyuma, mpe msaidizi aongoze, ujionee.

Nitagusa uchaguzi wa nyimbo kwa kifupi. Kabla ya kuamua, napita kiti kwa kiti kwenye karatasi: huyu atafanya nini, yule atafanya nini. Programu ya onesho ndiyo silabasi yenu, hakuna nyingine. Ukiweka simfoni yenye matoazi ya pigo moja, iweke pamoja na kitu kama ile Ovacha ya Sherehe za Chuo, utungo mfupi wa kufungulia onesho, ambayo Brahms aliiandika mwaka 1880 kukishukuru Chuo Kikuu cha Breslau kwa shahada ya heshima. Ameshona ndani yake nyimbo za wanafunzi, na matoazi, tuba, pembetatu ya chuma ya kugonga, wote wana kazi. Inachukua kama dakika kumi, na hakuna anayerudi nyumbani amenuna.

Na fidla za nyuma? Zungusheni viti. Kiongozi wa kundi abaki, wengine wahame kila onesho. Wa mbele watalalamika. Waacheni walalamike.

Mwenzangu mmoja huniambia najisumbua, kwamba hawa si wanamuziki, ni wahandisi na wanasheria. Namkumbusha Leipzig, Ujerumani. Mtunzi Telemann alipokuwa mwanafunzi wa sheria kule, mwanzoni mwa karne ya 18, aliunda kikundi cha wanafunzi wapiga ala, na kuanzia 1729 kikundi hichohicho kiliongozwa na Bach, kikipiga katika mgahawa wa kahawa wa Zimmermann. Bach hakuona aibu kuwaongoza. Sasa mimi ni nani?

Kabla ya maswali, simameni kidogo. Nitaongoza vipimo 32 vya kimya, mipigo minne kila kipimo, mwendo wa haraka. Ni kama dakika moja. Hesabuni moyoni. Kwenye cha 33, mpigo wa kwanza, kila mtu apige kofi moja tu. Simu mifukoni, midomo ifungwe, na wewe wa pembeni usihesabu kwa vidole, nakuona. Haya. Vuteni pumzi.