Stima Ikirudi, Mota Iko Wapi?

Wakubwa shikamooni, vijana hamjambo. Stima ikikatika usiku nawe uko katikati ya ngazi, wajua uko kipandio cha ngapi? Kama ulikuwa ukihesabu na hesabu imekutoka, huna budi kushuka hadi chini uanze upya. Kama kila kipandio kina namba, ikirudi watazama tu.

Enkoda, kile kifaa kinachosema mota imezunguka hadi wapi, ni hivyo hivyo. Ile ya kuhesabu, inkrimentali, ina kisahani cha kioo chenye mistari, taa upande huu na macho upande wa pili. Macho ni mawili, A na B, yamepishana robo ya mpigo. A ikitangulia, mota yaenda mbele. B ikitangulia, imegeuka. Na draivu, kile kifaa kinachoendesha mota, ikihesabu kila kuwaka na kuzimika kwa yote mawili, mistari 1,000 yazaa hesabu 4,000. Ya bure hiyo.

Lakini stima ikipotea, hesabu imepotea. Kiwanda kimoja nilichofanyia kazi, mashine ya kufungasha ilizimika mkono wake ukiwa ndani ya boksi. Stima iliporudi ikaanza kutafuta mwanzo wake, kinyumenyume, kama ilivyopangwa. Mkono ukapinda, nami nikalala kazini siku mbili.

Ile yenye namba, absoluti, haitafuti. Ya biti 12, yaani tarakimu 12 za 0 na 1, ina nafasi 4,096 kwa mzunguko, kila moja na namba yake. Nyingi hutumia msimbo wa Frank Gray wa Bell Labs, aliyepata hataza mwaka 1953. Kwa hesabu ya kawaida ya kompyuta, kutoka 7 kwenda 8 ni 0111 kuwa 1000: biti zote nne zageuka, na jicho likisoma katikati laweza kuona namba yoyote. Kwa Gray yageuka moja tu. Ukikosea, ni hatua moja. Ila namba hizo ni za mzunguko mmoja; kwa winchi ya kreni takeni ya mizunguko mingi, yenye gia au betri ndani. Na betri hufa, jamani.

Hewa yetu je? Kioo chataka ukavu. Karibu na bahari mimi huchagua ya sumaku, japo usahihi wake kwa kawaida ni mdogo. Penye joto na mtikisiko, resolva, kipimo kisicho na kioo: shaba na chuma tu.

Hii niliyoshika ilitoka kwenye mota iliyo kando ya maji. Pitishianeni, muone ule ukungu ukingoni mwa kisahani.