Acheni Majani ya Krokasi Yafe Yenyewe

Mabibi na mabwana, nimepewa mada ya krokasi, yale maua mafupi ya nchi za baridi, katika bustani ya majira ya machipuko. Walionisikia kabla ya leo wanajua nitakwama wapi: kwenye majani. Naona bwana mmoja kule nyuma ameshaanza kucheka. Cheka tu, mradi mashine yako ya kukata nyasi umeifungia stoo.

Tuanzie chini ya udongo. Wengi husema wanapanda "vitunguu" vya krokasi. Hebu pasua kimoja: huoni tabaka zilizofunikana. Ni bonge moja la wanga, kama jimbi dogo, nami nitakiita kiazi. Kiazi hicho huishi mwaka mmoja tu. Mmea ukichanua hukila chote, kinanywea kinabaki gamba, na juu ya gamba hilo hilo kinakua kipya. Kwa hiyo unayoisifu mwaka huu haitarudi. Itakayochanua mwakani ni bintiye, na binti huyo analishwa sasa hivi, kwa chakula kinachopikwa na majani.

Majani yapi? Hayo membamba kama nyasi, yenye mstari mweupe katikati, yanayorefuka hasa baada ya ua kunyauka. Hayo hayo unayoyapitishia mashine!

Jirani yangu mmoja, msafi kupita kiasi, alipanda krokasi 200 kwenye nyasi zake. Mwaka wa kwanza wapita njia walisimama kutazama. Maua yalipokwisha, akafyeka. Mwaka wa pili zikatoka chache, dhaifu. Akafyeka. Mwaka wa tatu akanijia amefura: aliyemuuzia ni tapeli! Tukachimba, tukakuta viazi vimekonda, vikubwa vyake kama punje ya njegere. Nikamwambia, jirani, tapeli hayupo. Ua la mwaka wa kwanza lilikuwa limeshajengwa ndani ya kiazi kabla hujakilipia. Lile lilikuwa jasho la mkulima. Jasho lako ndilo hili. Unajua alinijibu nini? Eti majani yanamchafulia bustani.

Yanamchafulia! Kwa wiki sita! Wengine, wakiona haya kukata, huyasuka kama nywele au huyafunga fundo. Jani lililofungwa fundo litapataje jua? "Je, nikikata nusu?" Ndiyo, kata nusu, upate kiazi nusu. Subiri yawe manjano, ukiyavuta yakufuate mkononi bila ubishi. Na kama nyasi zako haziwezi kungoja, basi usipande humo. Panda chini ya miti inayopukutisha majani: krokasi hula jua lake mapema, kabla mti haujafunga kivuli.

Naonyeshwa saa. Haya, yaliyobaki mbio mbio. Panda majira ya kupukutika, Septemba hadi Novemba kwa walio kaskazini ya dunia, kina cha sentimita 8 hadi 10, ncha ikitazama juu. Krokasi ina mizizi inayojikunja na kukivuta kiazi chini ikiwa umekipanda juu juu, lakini usiitegemee, maana kindi watawahi kukifukua. Kindi wakikusumbua, jaribu aina ya krokasi iitwayo Crocus tommasinianus, mara nyingi huiacha. Udongo usituamishe maji. Bila baridi ya miezi kama mitatu hupati ua. Mwenye kuishi penye joto aviweke viazi kwenye friji, mbali na matunda yanayoiva. Nilitaka kusema juu ya nyuki, na jinsi ua linavyojifunga wingu likitanda, lakini mtanisamehe.

Kuna karatasi hapa imeletwa: "Naweza kuvuna zafarani kwenye krokasi zangu?" Kwa hizi za machipuko, hapana. Zafarani hutoka kwa krokasi nyingine, Crocus sativus, nayo huchanua majira ya kupukutika, na kilo moja hutaka maua kama 150,000, kila moja likitoa nyuzi tatu tu. Tena tahadhari: majira hayo hayo huchanua ua jingine, Colchicum autumnale, linalofanana nayo mno, na sumu yake huua. Usiangalie rangi. Chungulia ndani ya ua uhesabu stameni, yaani vile vijiti vyenye chavua. Krokasi ina tatu. Ukihesabu sita, liache hapo hapo, ukanawe mikono.