Kiingereza cha uraia wa Marekani: nawajibu leo, msiniulize tena

Habari zenu wapendwa. Leo hakuna stori za theluji wala za madukani, maana kila nikifungua komenti nakuta lile lile: "Dada, niliishia darasa la saba, Kiingereza cha uraia nitakiweza?" Haya, najibu. Wapo watakaosema najidai, wengine watasema nalalamika na huku niko Marekani. Semeni tu.

Mtihani wenyewe wa kuandika hautishi. Ofisa anakusomea sentensi fupi, unaiandika. Nafasi tatu, ukipatia moja umepita, na kosa dogo la spelingi halikuangushi kama maana inaeleweka. Kinachouma ni ada: fomu ya N-400, ile ya kuombea uraia, ni dola 760 kwa karatasi, 710 mtandaoni. Ukifeli unaitwa tena bila kulipa. Ukifeli tena, hela imekwenda, unaanza upya. Mimi kuna Mswahili mwenzetu alichukua pesa yangu anijazie fomu, akaacha kupokea simu. Simtaji.

Sasa sentensi. Sisi ukisema "Amechoka" umemaliza, mwenye kuchoka yumo humo humo. Kiingereza kinataka umtaje: "She is tired." Hata mvua, jamani: "It is raining." Watu wetu wanaandika "Is raining." Wengine wanamtaja mtu mara mbili, "My mother she is sick," au "Baba mwalimu" inakuwa "My father teacher," ile "is" haipo.

Ofisa anaweza kukuvumilia, kazini hawakuvumilii. Ninahudumia wazee, kila zamu inaandika ripoti. Mtu kaandika "Fell in the bathroom", basi. Nani kaanguka? Wazee wamejaa jengo zima! Nikalaumiwa mimi, ripoti hata sikuiandika, na meneja mpaka leo hajaniomba radhi. Mnaona Marekani yenu hiyo?

Mimi nilijifunza kwa daftari: kwanza nani, halafu kafanya nini au yukoje. "The baby is sleeping." "My brother wants money." Hiyo ya pili sikuitunga, nimeitoa WhatsApp.

Lakini hayo ni yangu, usije ukasema dada kaniambia. Na mama zenu wenye miaka 50 na kuendelea, waliokaa na green card, yaani kibali cha kudumu cha kuishi Marekani, miaka 20, hicho Kiingereza hawafanyi kabisa. Maswali ya historia na serikali ya Marekani wanaulizwa kwa Kiswahili, ila mkalimani mnamtafuta wenyewe, na huyo naye mjue anataka chake.