Sifa za 2019 ni za nani? Joe Brady, Steve Ensminger na mashabiki wa LSU

Mabibi na mabwana, ndugu zangu, habari za jioni. Nashukuru mmekuja, maana najua jioni ya leo kuna mechi kwenye televisheni, na wengine humu ndani mnanisikiliza huku jicho moja liko kwenye simu. Sikulaumuni.

Swali nililopewa ni kama mashabiki wa futiboli ya vyuo Marekani humpa haki yake kocha msaidizi aliyekwisha kuondoka. Nikilijibu juu juu tutabaki kupiga porojo. Nimeona bora tushike timu moja na msimu mmoja, tuuchambue mpaka tuuone mfupa: Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, LSU, msimu wa 2019.

Kwa wale ambao mpira kwao ni Simba na Yanga tu, nieleze kidogo. Mwaka huo kanuni za vyuo zilimruhusu kocha mkuu awe na wasaidizi kumi wa uwanjani. Wawili kati yao ndio wazito: mratibu wa mashambulizi na mratibu wa ulinzi. Mpira huu husimama kila baada ya sekunde chache, na kila unaposimama lazima mtu aamue mpango unaofuata na kuutuma uwanjani. Mtu huyo ana kazi kubwa kuliko anavyoonekana. Mara nyingi hukaa juu kabisa, kwenye chumba cha makocha, kavaa hedifoni, na kamera humwonyesha kwa nukta mbili tatu tu. Anayeonekana muda wote ni kocha mkuu, pale ukingoni mwa uwanja, akipiga kelele.

Sasa LSU. Mwaka 2018 walishinda mechi 10, wakapoteza 3. Si haba. Lakini kwa watu wa Baton Rouge, mji wa LSU, wenye uwanja unaochukua zaidi ya watu laki moja, huo ulikuwa msimu wa kawaida. Kwotabeki wao, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, Joe Burrow, aliyehamia kutoka Chuo Kikuu cha Ohio State, alikamilisha kiasi cha pasi 58 kati ya kila 100, akapiga pasi 16 za tachidauni, yaani zilizofikisha mpira eneo la mwisho la adui na kuleta pointi. Mwaka uliofuata, kijana huyohuyo alikamilisha pasi 76 katika kila 100, akapiga pasi 60 za tachidauni na kupata yadi 5,671. Timu ilicheza mechi 15 ikashinda zote 15. Chuo Kikuu cha Alabama, ambao LSU hawakuwa wamewafunga tangu 2011, walipigwa 46 kwa 41 kwao. Tarehe 13 Januari 2020 pale New Orleans, kwenye fainali, Chuo Kikuu cha Clemson wakalala 42 kwa 25, na LSU wakawa mabingwa wa taifa.

Katikati ya misimu hiyo miwili, Januari 2019, aliajiriwa kijana wa miaka 29 anayeitwa Joe Brady. Alikuwa msaidizi wa ngazi ya chini kwenye timu ya kulipwa ya New Orleans Saints. LSU wakampa cheo cha mratibu wa mchezo wa pasi. Shabiki akapiga hesabu yake ya haraka: kabla ya Brady, pasi 16 za tachidauni, baada ya Brady, 60. Kwa hiyo ni Brady. Desemba akapewa tuzo ya Broyles, ile ya kocha msaidizi bora wa nchi nzima, inayotolewa tangu 1996. Fainali haijapoa, akachukuliwa na timu ya kulipwa ya Carolina Panthers kuwa mratibu wao wa mashambulizi.

Lakini mratibu wa mashambulizi wa LSU mwaka huo hakuwa Brady. Alikuwa Steve Ensminger, mtu wa Louisiana, aliyecheza ukwotabeki hapohapo LSU miaka ya sabini. Mzee mnene, mpole, asiyependa maikrofoni. Ndiye aliyekuwa na usukani wa kuita mipango siku ya mechi, Brady kando yake akiwa na neno lake. Na kuna jambo moja ambalo mashabiki wengi hulipita: tarehe 1 Januari 2019, kwenye Fiesta Bowl, mechi ya kufunga msimu wa 2018, LSU waliwafunga UCF, Chuo Kikuu cha Central Florida, 40 kwa 32, na Burrow akapiga yadi 394 na tachidauni nne. Siku hiyo Brady alikuwa bado mwajiriwa wa Saints. Mabadiliko yalikwisha anza chini ya mzee, kabla kijana hajafungua begi lake.

Je, basi Brady alivikwa kilemba cha ukoka? Hapana, na hapa sikubaliani na wale wanaotaka kumpa Ensminger kila kitu ili waonekane wajuzi. Brady alileta kitu ambacho kwa macho yako unakiona. LSU ya zamani ilipenda kujazana katikati na kusukumana. LSU ya 2019 iliwatawanya wachezaji uwanja mzima. Mara nyingi iliwatuma wapokeaji watano wote mbele, ikabaki na watu watano tu wa kumlinda kwotabeki. Hiyo ni kamari. Adui akituma watu sita, mmoja lazima amfikie Burrow bila kuguswa. Dawa yake ni kwotabeki ajue, kabla mpira haujaanza, nani atakuja na nani ataachwa wazi, autoe mpira mapema. Mafunzo ya namna hiyo Brady aliyaona Saints, alipofanya kazi chini ya kocha mkuu Sean Payton na kumtazama kwotabeki Drew Brees kila siku.

Turudi Septemba 7, 2019, Austin, ugenini kwa Texas. LSU wanaongoza 37 kwa 31, zimebaki dakika mbili na ushei. Timu hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira, ikishindwa unakwenda kwa adui; hili ni jaribio la tatu, wanahitaji yadi 17. Kocha mwoga hapo hukimbiza mpira katikati, saa itembee, kisha kwenye jaribio la nne anaupiga teke mbali na kuomba Mungu. LSU wakapanga pasi. Texas wakatuma kundi la watu kumvamia kwotabeki. Burrow akasogea mbele badala ya kurudi nyuma, akateleza pembeni kidogo, akamrushia Justin Jefferson, naye akakimbia hadi mwisho: yadi 61, tachidauni. Mechi ikaisha 45 kwa 38.

Sasa niambieni, sifa ya mchezo ule mtaigawaje? Kuna aliyethubutu kuita pasi. Kuna aliyefundisha mtindo. Kuna safu ya mbele iliyomzuia adui kwa nukta moja zaidi, na safu hiyo ndiyo iliyotwaa tuzo ya Joe Moore ya safu bora ya mwaka. Kuna Jefferson. Na kuna Burrow mwenyewe, ambaye hatua ile ya kusogea mbele haimo kwenye karatasi ya kocha yeyote. Tena Burrow ni mtoto wa kocha msaidizi. Baba yake, Jimmy, alikuwa mratibu wa ulinzi Chuo Kikuu cha Ohio kwa miaka mingi, akastaafu ili apate kumtazama mwanawe akicheza msimu huo wa mwisho. Sijasikia shabiki akimpigia makofi mzee huyo.

Tuzo, kwa bahati mbaya, haiwezi kugawanywa vipande. Ni kombe moja, jina moja. Ukishaandika jina la Brady juu yake, msomaji wa miaka kumi baadaye hajui kwamba chumba kile kilikuwa na viti viwili.

Na viti vile viwili nataka tuvitazame kwa karibu. Tarehe 28 Desemba 2019, asubuhi, ndege ndogo iliyokuwa ikienda Atlanta kwenye mechi ya nusu fainali ilianguka Lafayette, Louisiana. Miongoni mwa waliokufa alikuwa mke wa mtoto wa Ensminger, mwandishi wa habari za michezo. Mzee akaarifiwa akiwa na timu Atlanta, saa chache kabla ya mechi. Akapanda juu, akakaa kwenye kiti chake, Brady kando yake. LSU wakaenda mapumziko wakiwa na pointi 49, Oklahoma 14. Burrow alipiga tachidauni saba kabla ya mapumziko. Mechi ikaisha 63 kwa 28. Siku ile, kwa mara ya kwanza, nchi nzima ililitaja jina la Ensminger, na lilitajwa kwa sababu ya msiba. Kazi yake ilikuwa palepale tangu Septemba.

Mpaka hapo tatizo ni la kawaida: macho hufuata kipya. Lakini baada ya 2019 likaja jingine, na kwangu ndilo kubwa zaidi.

Mwaka 2020 LSU walishinda mechi 5, wakapoteza 5. Mwaka 2021 wakamaliza na ushindi 6 na vipigo 7. Kocha mkuu, Ed Orgeron, shujaa wa juzi, akaanza kutafunwa. Na mashabiki walimtafuna kwa jina la Brady. «Bila Brady yeye si kitu.» «Ubingwa ule ulikuwa wa Brady na Burrow.» Kabla msimu wa 2021 haujaisha, ilikwisha tangazwa kwamba Orgeron ataondoka. Tazameni sifa ilivyogeuka kazi. Mwaka 2019 ilikuwa shukrani kwa aliyekuwepo. Mwaka 2021 imekuwa fimbo ya kumchapia aliyebaki. Ndiyo maana nawaambia, ukimsikia shabiki anamsifu sana msaidizi aliyeondoka, muulize kwanza anamkasirikia nani.

Na ushahidi waliouleta ulikuwa dhaifu. Katika usajili wa Aprili 2020 timu za kulipwa zilichukua wachezaji 14 wa LSU, watano katika raundi ya kwanza, Burrow akiwa wa kwanza kabisa. Ja'Marr Chase, aliyepokea tachidauni 20 mwaka 2019, aliamua kutocheza msimu wa korona. Ungewarudisha Brady, Payton na malaika wawili, timu ile isingefika 15 bila kufungwa.

Viongozi wa LSU wenyewe waliijaribu dhana ya mashabiki, jambo ambalo si kawaida. Kwa ajili ya 2021 Ensminger alivuliwa uratibu, wakamleta Jake Peetz, aliyekuwa akifanya kazi chini ya Brady huko Carolina, pamoja na DJ Mangas, aliyekuwa naye LSU na Carolina. Yaani walinunua daftari lilelile. Matokeo nimekwisha yataja: 6 kwa 7. Daftari lilikuwepo, waliolisoma 2019 hawakuwepo.

Brady naye hakusalimika. Panthers walimfukuza Desemba 2021 kabla ya msimu kwisha. Mara moja wakatokea waliosema hakuwahi kuwa na lolote, alibebwa na Burrow. Mtu aliyesifiwa kupita kiasi akanyimwa hata chake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kule Carolina alibadilishiwa makwotabeki, na Christian McCaffrey, mchezaji wake bora, alicheza mechi 3 tu mwaka 2020 kwa sababu ya majeraha. Akaenda timu nyingine ya kulipwa, Buffalo Bills, kuwafundisha makwotabeki. Novemba 2023 mratibu wa pale alipofukuzwa, Bills wakiwa na ushindi 5 na vipigo 5, Brady akakabidhiwa mashambulizi. Walishinda 6 kati ya 7 zilizobaki. Mwaka 2024 kwotabeki wake Josh Allen akawa mchezaji bora wa ligi. Na swali likaanza upya: ni Allen au ni Brady?

Mkinitaka nigawe mwenyewe 2019, fungu kubwa kuliko yote nampa Burrow na wenzake. Katika fungu la makocha, Brady na Ensminger nawapa sawa kwa sawa, na najua Louisiana kuna watakaonirushia kiatu. Orgeron nampa jambo moja ambalo si dogo: alimwona kijana asiyejulikana, akamleta, kisha akawafanya mzee na kijana wakae chumba kimoja bila kugombea maikrofoni. Makocha wakuu wengi hawaliwezi hilo.

Naona ndugu yangu pale nyuma amenyoosha mkono. Ndiyo, sema… Anauliza, na ulinzi je? Swali zuri, maana hata mimi nimezungumza nusu saa bila kumtaja Dave Aranda. Aranda ndiye aliyekuwa mratibu wa ulinzi 2019. Novemba mwaka huo Ole Miss, yaani Chuo Kikuu cha Mississippi, walipata yadi 614 dhidi yake, na ingawa LSU walishinda 58 kwa 37, mashabiki walikuwa tayari kumfungia virago. Kwenye fainali ulinzi wake ulimwacha Trevor Lawrence wa Clemson, ambaye hakuwa amepoteza mechi hata moja chuoni akianza kama kwotabeki, na pasi 18 zilizokamilika kati ya 37. Mashabiki walishangilia pasi za Burrow. Aranda akaenda Chuo Kikuu cha Baylor kuwa kocha mkuu, na mwaka wa pili akawapa ubingwa wa Big 12, ligi ya vyuo wanayochezea. LSU wakamrudisha Bo Pelini kwenye nafasi yake. Mechi ya kwanza, Septemba 2020, Mississippi State walikuja Baton Rouge, na kwotabeki wao K.J. Costello akapiga yadi 623, wakashinda 44 kwa 34. Wiki hiyo ndipo Louisiana ilipoanza kumuulizia Aranda.