Kaniki na Baibui: Weusi Ulivyobadilika Maana Pwani

ZUHURA: Karibuni, wasikilizaji wetu. Leo nimekuja na jambo lililonikaa moyoni tangu nikiwa msichana. Bibi yangu mzaa mama alivaa baibui jeusi kila alipotoka nje, lakini hakukubali hata siku moja kujifunga kaniki. Mchuuzi aliyepita nayo mlangoni aliambiwa aendelee na safari yake. Nguo zote mbili ni nyeusi, Mwalimu Hamadi, ila moja aliiona heshima na nyingine aliiona fedheha. Ningependa tuanzie hapo.

HAMADI: Ahsante, Bi Zuhura. Bibi yako alikuwa akikumbuka jambo ambalo wengi wa rika lake hawakupenda kulisema kwa sauti. Katika karne ya 19, majahazi na meli ziliteremsha Unguja vitambaa vya pamba vilivyofumwa Massachusetts, navyo vikaitwa merikani kwa jina la nchi vilikotoka. Merikani ilipochovywa katika nili mara kwa mara mpaka ikakolea, ilipatikana kaniki, yaani buluu iliyozama hata jicho likaiona nyeusi tii. Nyingine ilikuja kutoka Bara Hindi ikiwa imekwisha kutiwa rangi. Ilikuwa nguo ya bei ndogo isiyoonyesha uchafu wa shambani, na ndiyo waliyojifunga wanawake watumwa katika mashamba ya karafuu. Mtu alijulikana hali yake kabla hajafungua kinywa.

ZUHURA: Na kichwani walijifunika kwa kitu gani?

HAMADI: Hawakujifunika, na hapo ndipo penye uchungu. Kujitanda kulikuwa haki ya waungwana. Wanawake wa nyumba kubwa za Kiomani walivaa barakoa usoni, na kule Lamu mwanamke wa kiungwana alitembea ndani ya shiraa, kitambaa kipana kama hema kilichoshikwa na watumwa wake. Wale walioshika hema hilo walitembea kichwa wazi na miguu mitupu.

ZUHURA: Kwa hiyo anayemsitiri mwenzake hakuruhusiwa kujisitiri mwenyewe. Nimesoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara hunibidi niweke kitabu chini kwanza.

HAMADI: Basi twende Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed alipotoa amri ya kuondoa utumwa Unguja na Pemba. Amri hiyo haikuwagusa masuria. Wao walisubiri mpaka 1909. Hata hivyo, wanawake waliokwisha kupata uhuru hawakuchelewa kuiacha kaniki. Walinunua kanga zenye rangi na maua, wakajifunga doti nzima, moja kiunoni na moja kichwani. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, likaenea baibui, vazi linalohusishwa na Hadhramaut kule Yemen, nalo lilikuwa jeusi.

ZUHURA: Hapo ndipo ninapotaka tukae. Mtu angetarajia kwamba mwanamke aliyeteswa ndani ya nguo nyeusi angeukimbia weusi moja kwa moja. Wao waliuvaa upya, tena kwa hiari, kwa sababu safari hii weusi ulikuja pamoja na haki ya kujisitiri. Ungesimama Darajani, pale mjini Unguja, ukawaona wanawake kumi wamejitanda, usingeweza kutambua ni nani aliyetoka katika nyumba ya bwana na ni nani ambaye mama yake alichuma karafuu za bwana huyo.

HAMADI: Ningeongeza tahadhari moja. Hariri haikuwa sawa na pamba, na watu waliendelea kuulizana koo zao wakati wa kuposa. Baibui halikuifuta tofauti. Liliiondoa barabarani, na kwa mtu aliyenyimwa hata kitambaa cha kichwa, hilo halikuwa jambo dogo.

ZUHURA: Nakubali. Ndiyo maana huhuzunika ninaposikia baibui la wakati ule likielezwa kuwa ni alama ya kufungiwa tu. Kila kizazi kina haki ya kulijadili vazi hili, na leo wapo wanaolivaa kwa mapenzi na wapo wanaoona limewaelemea. Lakini anayetaka kulihukumu baibui la 1920 aulize kwanza ni nani aliyekuwa amekatazwa kujisitiri.

HAMADI: Tukiacha pwani kidogo, bara weusi ulikuwa na maana iliyo mbali kabisa na utumwa. Wamaasai humtaja Enkai Narok, Mungu mweusi, mwenye rehema na mvua, na humtofautisha na Enkai Nanyokie, mwekundu, mwenye ghadhabu. Wagogo nao walitumia mnyama mweusi katika tambiko la kuomba mvua. Anayeishi katika nchi kame hutazama wingu jeusi akafurahi.

ZUHURA: Nasi siku hizi tunasema “soko jeusi” na “orodha nyeusi”, maneno yaliyofasiriwa kutoka Kiingereza, ilhali magendo tuliyaita magendo bila kuitukana rangi yoyote. Mimi ningependa turudi huko.

HAMADI: Wanasiasa wa uhuru walilitambua jambo hilo mapema. Bendera ya TANU, chama cha Tanganyika, ilikuwa kijani, nyeusi na kijani, na ile ya chama cha Afro-Shirazi cha Zanzibar ilikuwa buluu, nyeusi na kijani. Zilipounganishwa nchi mbili mwaka 1964, rangi nyeusi ilikuwa tayari ipo pande zote mbili, ikawekwa katikati ya bendera ya Muungano kuwakilisha wananchi. Kenya nayo ilikuwa imeupa weusi maana hiyo katika bendera yake ya 1963.

ZUHURA: Bibi yangu alikuwa mtu mzima wakati huo, na sikuwahi kumwuliza aliionaje bendera ile. Ninachokumbuka ni miaka ya mwisho ya maisha yake, mabaibui ya Dubai yalipoanza kuingia, yenye mikono mipana na nakshi zinazometameta. Mama alimnunulia moja. Akalipapasa, akalisifu, akalikunja vizuri, akaliweka sandukuni. Akaendelea kuvaa lile la zamani la kufunga kwa kamba, lililofifia mabegani mpaka likakaribia rangi ya kijivu.

HAMADI: Alieleza kwa nini?

ZUHURA: Alisema lile la kamba alinunuliwa na mama yake, kwa fedha ambazo mama yake alizipata kwa kazi aliyolipwa. Neno “aliyolipwa” alilitamka polepole, akalirudia mara mbili.