Joto la Kiangazi Chini ya Ardhi

Mabibi na mabwana, katika nchi za baridi jua huwaka sana wakati hakuna anayelihitaji. Joto la Julai tuliweke wapi hadi Januari?

Huko Okotoks, Kanada, walilizika. Mtaa wa Drake Landing wa nyumba 52 ulianza mradi huo mwaka 2007: mitambo takriban 800 ya kukusanya joto la jua juu ya mapaa ya gereji, na matundu 144 yaliyotobolewa ardhini, kila moja mita 35 hivi kwenda chini. Hayachotwi maji. Ndani mna bomba lililokunjwa. Maji ya moto hushuka, huachia udongo joto, hupanda yamepoa.

Ufundi wenyewe uko kwenye mwelekeo wa maji. Kiangazi maji huanzia matundu ya katikati kwenda pembeni, hivyo kiini ndicho huwa na moto zaidi, hata kukaribia nyuzi 80 za Selsiasi. Baridi ikiingia, mkondo hugeuzwa: maji huanzia pembeni, huzidi kupata moto yakikaribia katikati, ndipo huenda majumbani.

Je, joto halivuji? Linavuja, tena jingi! Ila udongo hulipitisha polepole, na ghala likiwa kubwa hupoteza sehemu ndogo zaidi. Zidisha vipimo vyake vyote mara 2: eneo la kuvujia huwa mara 4, ujazo mara 8. Anayetaka kujichimbia ghala la nyumba yake peke yake, mimi namshauri aache. Na anayejenga ghala kubwa awe na subira, maana ardhi yenyewe lazima kwanza ipashwe moto. Drake Landing ilichukua miaka kadhaa kufikia zaidi ya asilimia 90 ya joto la nyumba kutoka juani.

Maji ya ardhini yanayotiririka hulisomba joto. Yakitulia, yenyewe huwa ghala. Uholanzi hutumia visima viwili, cha vuguvugu na cha baridi: kiangazi maji baridi hupoza jengo, yanarudishwa yamepata joto katika kisima cha pili, na majira ya baridi pampu ya joto, mtambo unaochota joto la vuguvugu na kulizidisha ukali, huyatumia kupasha jengo lilelile.

Drake Landing ilizimwa mwaka 2024, nyumba zikahamia gesi. Vifaa vilizeeka na vipuri vikawa adimu. Ardhi haikuwa na kasoro.