Mgeni rasmi na maji mafu

Assalaam alaykum. Itifaki naomba ihesabiwe imezingatiwa, maana dakika zangu ni 20 na kisa changu ni kile kile. Waliokwisha kunisikia wanajua: nitasema pweza.

Tumeitwa hapa kama wadau wa uvuvi. Siku hizi "mdau" ni mtu aliyesaini karatasi mlangoni, akala wali wa mchana, akapewa nauli. Mimi mdau wangu ni yule ambaye pweza akikosekana, jioni hana cha kuteleka.

Kijiji kimoja, sikitaji, kilifunga sehemu ya mwamba wake miezi mitatu, pweza asivuliwe. Jambo zuri. Pweza haishi sana, mwaka na kidogo, lakini hukua mbio; yule wa nusu kilo ukimwacha wiki chache, ukirudi si yule. Jike hutaga mara moja tu, akayalinda mayai pangoni bila kula, yakianguliwa anakufa. Ukimchokoa kabla hajataga umechukua na wajukuu. Wanakijiji walilielewa hilo, wakazuia hata watoto wao.

Ikafika kufungua. Kwenye kikao cha kupanga siku, mama mmoja mchokoa pweza akauliza, "Siku hiyo mwezi ngapi?" Akajibiwa kwamba tarehe imeshapangwa, mgeni rasmi ana nafasi Jumamosi hiyo tu. Akanyamaza. Nami nilikuwemo, nikanyamaza. Ndiyo maana kisa hiki sikichoki.

Jumamosi ile mwezi ulikuwa nane. Si Agosti, siku ya nane tangu mwezi kuandama! Watu wa pwani mmeshacheka. Kwa wasiojua: wakati wa bamvua, mwezi mchanga au mpevu, saa nne asubuhi maji yametoka, mwamba uko wazi, mama anatembea na mchokoo wake na ndoo. Mwezi nane ni maji mafu, hayajai sana wala hayatoki sana. Mwamba hautoki. Basi turubai limefungwa, viti vya plastiki, ngoma, hotuba dakika 45, mgeni rasmi akatamka kuwa anafungua. Kina mama wakaingia, maji kifuani, wakatoka ndoo tupu. Waliopata ni vijana wenye miwani ya kuzamia, na wengi wao wala si wa kijiji kile.

Msimu uliofuata walipoitwa kufunga tena, mama yule akasema, "Kafungeni mwamba wa mgeni rasmi."

Najua kuna anayesema moyoni, "Mzee, wavuvi hao hao ndio wapiga baruti na wavuta kokoro, nyavu za kukokota chini." Kweli, sikuja kuwapaka asali. Lakini boti ya doria inapita mara ngapi kwa mwezi, hata petroli ikiwepo? Mpiga baruti pale dikoni, samaki wanaposhushwa, anajulikana kwa jina, na mama yake anajulikana. Wa kumkatalia samaki wake mnadani ni jirani, si ofisa. Na jirani hatajitia ugomvini kwa mwamba ambao siku ya kufunguliwa aliuona ukivuliwa na wengine.

Mtasema naota, wanakijiji kujilindia bahari wenyewe. Andavadoaka, kule Madagaska, walifunga mwamba wa pweza mwaka 2004, vijiji vingine vikafuata. Kuruwitu, Kilifi, walitenga sehemu yao ya bahari mwaka 2005, na walioitenga ni wavuvi wenyewe. Kisiwa Panza, hapo Pemba, wamefunga na kufungua pweza wao. Nendeni mkawaulize, posho ya leo inatosha nauli.

Nilikuwa na la wavuvi wa dago, wale wanaohama na kupiga kambi pwani za wengine, na la fedha za leseni kurudi shehiani, yaani mtaani kwa wavuvi, na la kwamba kamati ya wavuvi ya shehia, au BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, kwa wenzetu wa Bara na Kenya, hailindi bahari kwa daftari na muhuri. La dago peke yake lataka asubuhi nzima, na mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, maswali.

Yule mama wa nyuma, mwenye kanga nyekundu, anatikisa kichwa tangu nilipotaja mwezi nane. Mpeni kipaza sauti, aanze yeye.